Mlango wa Sauti ya Sharshen

Kila Alhamisi Zuura hukaanga maandazi. Huyakata madogo, kisha huyatumbukiza kwenye mafuta ya moto mpaka yavimbe kama mashavu ya mtoto. Katika mji wa milimani wa Naryn, kila nyumba yenye marehemu hufanya hivyo. Harufu ya mafuta huwafikia wafu, wakajua kwamba hawajasahauliwa.

Zuura humkaangia mumewe, Sharshen, aliyefariki wakati wa theluji.

Sharshen alikuwa mwalimu wa fizikia. Alipostaafu aliunda kompyuta kwa vipande vya kompyuta mbovu, akaiweka juu ya sanduku la nguo, mbali kidogo na jiko. Humo alihifadhi sauti yake mwenyewe. Alitaja majina ya mababu saba ili wajukuu wayajue. Aliimba. Mahali pengine alisikika akimgombeza paka. Kompyuta ile ilikaa macho mchana na usiku ikingoja wageni kutoka nje. Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva. Binti yao Kanykei, aliyekuwa msafishaji wa hospitali huko Yekaterinburg, Urusi, aliandika anwani ya seva kwenye simu yake, na sauti ya baba ikamjia.

"Sauti ya nyumba ikae nyumbani," Sharshen alizoea kusema. Hakuiweka pengine popote.

Alipofariki, Kanykei hakuja kuzika. Hati zake zilikuwa na kasoro. Angevuka mpaka, asingeruhusiwa kurudi, na watoto wake walikuwa huko. Basi kila Alhamisi alikaanga maandazi huko huko, akaisikiliza sauti ya baba, kisha akampigia mama.

"Umekaanga?"

"Nimekaanga."

Hawakusema mengi. Hayo yaliwatosha.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Alhamisi moja simu haikulia. Iliyofuata, kimya vilevile. Zuura akapiga mwenyewe.

"Umekaanga, mwanangu?"

"Sikukaanga. Nikaange ya nini?" Kanykei alijibu. "Mama, kama una kinyongo kwa sababu sikuja kuzika, niambie. Usinifungie mlango wa baba."

"Mlango gani?"

"Sauti yake! Kila nikiifungua haifunguki. Nani mwingine yumo humo ndani kama si wewe?"

Kinyongo kilikuwepo kweli, kidogo, kama mwiba uliovunjikia ndani. Ndiyo maana maneno yale yalimuuma Zuura.

"Mlango aliufunga aliyemwacha baba yake aombolezwe na mabinti wa watu," akajibu.

Simu ikakatika. Zuura akabaki ameshika mwiko. Maandazi yakaungua.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, Nurila. Zamani Nurila alikuwa fundi wa kampuni ya intaneti, akipanda nguzo na kuvuta nyaya, mpaka goti lilipomharibikia. Akaja akichechemea.

"Nipe chai kwanza, dada. Kompyuta haifi kwa njaa, lakini mimi nakufa."

Alikunywa, akaijaribu seva kwa simu yake, kupitia intaneti ya mle ndani. Mara Sharshen akasikika: "Toka hapo, paka mwizi wewe!"

Zuura akacheka. Halafu akajifunika uso kwa aproni.

Nurila akaiondoa simu kwenye intaneti ya nyumba, akatumia ya laini yake, kama mtu aliye mbali. Hapo sauti haikuja.

"Seva ni nzima," akasema. "Njia ya kuingilia ndiyo iliyozibwa."

Akaipigia kampuni ya intaneti, akaiweka simu kwenye kipaza sauti ili Zuura naye asikie.

"Mteja wa nyumbani haruhusiwi kuweka seva," kijana wa kampuni akasema. "Imo kwenye mkataba. Tumebadilisha mitambo juzijuzi. Tangazo lipo kwenye tovuti yetu."

"Yaani mjane huyu asome tovuti yenu kila asubuhi kama Kurani?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Basi mpeni anwani ya intaneti ya peke yake."

"Hizo ni za maduka na maofisi."

Nurila akakata simu. Zuura hakuelewa. "Mbona mimi napiga simu ya picha na inapita?"

"Kwa sababu simu yako hutoka yenyewe kwanza," Nurila akasema. "Zamani nyumba yako ilikuwa na mlango wake barabarani. Sasa wameziweka nyumba nyingi nyuma ya lango moja. Anayetoka, mlinzi humkumbuka, na jibu lake huliruhusu liingie. Lakini mgeni akibisha kutoka nje, mlinzi hajui ni wa nyumba ipi. Anamfukuza."

"Kwa hiyo Kanykei alibisha."

"Kila Alhamisi, dada."

Zuura akakaa chini.

"Dawa ipo," Nurila akaendelea. "Tukodi nafasi ndogo kwenye kompyuta iliyo nje ya lango, kule mji mkuu, Bishkek. Seva yako itoke yenyewe iende kule, iiache njia wazi. Kanykei atabisha kule, kwa neno la siri. Na tutoe nakala, tuziweke kwenye nyumba mbili. Sauti iliyo mahali pamoja ni kama kondoo mmoja. Mbwa mwitu mmoja anatosha."

"Sharshen hakupenda itoke nyumbani."

"Na nyumba yake ni nani, kama si binti yake?"

Alhamisi, kila kitu kikiwa tayari, Zuura alipiga simu kabla ya kukaanga.

"Mwanangu, sikukufungia. Kampuni ndiyo iliyofunga. Lakini maneno yale yalikuwa yangu. Nisamehe. Jaribu sasa."

Kanykei akaingiza neno la siri alilotumiwa. Kisha, kwa mbali, ndani ya simu, Zuura akamsikia mumewe akitaja mababu saba, mmoja baada ya mwingine.

Alipomaliza wa saba, Kanykei aliangua kilio. Hakulia hivi hivi. Alilia kama binti anavyolia akifika kwenye hema la msiba, kwa maneno ya wimbo, akimwita baba tangu langoni: mlima wangu umeanguka, nami sikuwepo kuushika.

Katika hema la msiba wanawake huketi wakitazama ukuta, mikono kiunoni, wakimpokea kwa wimbo kila anayefika akilia. Zuura alikiepua kikaango cha mafuta motoni. Akaweka simu sakafuni, akauelekea ukuta, akashika kiuno, akamjibu binti yake kwa wimbo.