Njia ya Chumvi

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani yake, Mama Sindano alimpeleka mjukuu wake shule. Mtoto walimwita Kijino. Jino lake la mbele lilikuwa limeondoka, na la kushika zamu halijaripoti.

Walipitia uwazi uliokuwa kwenye ua wa nyumba yao, kando ya barabara.

"Bibi, zamani hapa palikuwaje?"

"Majani mpaka kiunoni, na kijia chembamba katikati. Babu yako alinisindikiza hapa kila jioni, akisingizia anakwenda kununua chumvi. Kwao walikuwa na chumvi ya kujengea nyumba!"

Kijino alicheka, pengo likaonekana.

Sasa nyumba zilikuwa zimeota kama uyoga. Kijia kilikuwa kimelala chini ya lami, na juu yake magari yalifuatana kama siafu. Lakini miguu ya Mama Sindano haikupewa habari. Ilivuka palepale pa zamani, kwenye kona. Watoto wa mtaa nao walimfuata.

Siku hiyo foleni ilikuwa imesimama upande mmoja. Mama Sindano alijipenyeza katikati ya magari, mtoto nyuma yake. Ghafla, upande wa pili, lori likatokea kwenye kona. Breki zililia. Mama Sindano alimvuta Kijino kwa nguvu. Kiatu cha mtoto kikabaki chini ya tairi.

Dereva akashuka mbio. Alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta.

"Mama! Kidogo tu nimuue mtoto wetu!"

"Kwani unakimbizwa? Mimi nilipita hapa hujazaliwa!"

"Nakuamkia, shikamoo. Lakini ulipopita wewe, lori hili nalo lilikuwa halijazaliwa."

Mama Sindano aliinama. Akakichomoa kile kiatu, kimepondeka.

Jumamosi Dereva alimwita. "Panda mbele, mama. Kijino na mama yake wasimame kwenye uwazi wa ua. Wasivuke."

Lori likaondoka polepole. Njiani Mama Sindano alisimulia habari za chumvi, Dereva akacheka mpaka akapiga honi. Walipokaribia kona, Mama Sindano alikodoa macho.

"Wako wapi?"

"Nakuuliza wewe, mama. Unawaona?"

Aliona ukuta tu. Mara wakatokea, wakapita dirishani, wakabaki nyuma. Mama Sindano aligeuka kuwatazama.

"Na hapa natembea kama kobe, sina mzigo," alisema Dereva. "Nikibeba saruji, nakanyaga breki hapa, lori linasimama kule."

Baada ya kona, barabara ilinyooka. Mbele ya duka palikuwa na kivuko chenye mistari myeupe.

"Yule muuza maziwa pale kivukoni namwona hata masharubu," alisema Mama Sindano.

"Basi! Vuka mahali unapoliona gari, na dereva anakuona. Simama kwanza pembeni. Tazama huku na huku. Gari moja likisimama usijitupe. Jingine linaweza kulipita. Yakisimama yote, tembea. Usikimbie. Na mtoto umshike mkono."

"Kuzunguka mpaka dukani? Na magoti haya?"

"Magoti yatalalamika, mama. Lakini yatafika."

Jioni Mama Sindano alishona kitambaa cha njano kinachong'aa kwenye mkoba wa Kijino. Kisha akatoka na jembe. Alisimama muda mrefu kwenye ule uwazi. Kwa muda aliyaona majani, na kijana mmoja mwenye pakiti ya chumvi mkononi.

"Mume wangu," alisema taratibu, "njia yetu naifunga. Chumvi siku hizi inanunuliwa kule kwenye mistari."

Akaziba uwazi kwa matawi ya miiba. Nyuma yake akapanda michongoma, iwe ua mzima.

Jumatatu watoto wa mtaa walikuta pamezibwa. Walinung'unika, kisha wakamfuata Mama Sindano kama kawaida yao. Kwenye kivuko walisimama wote. Wakatazama huku na huku. Magari yakasimama upande huu, na upande ule likasimama lori.

Dereva akachungulia dirishani. "Piteni! Mama, unakwenda kununua chumvi?"

"Kilo nzima!" alijibu Mama Sindano.

Akaubana mkono wa Kijino, wakavuka, hatua kwa hatua, bila kukimbia.