Onja We Kwanza

Waridi na mdogo wake Uthmani waliondoka Bugarama jua likiwa limeshainama, na hapo ndipo walipokosea. Wakati ule wa vita magari yalishuka Bujumbura kwa msafara, askari mbele na nyuma, na msafara wa mwisho ulikuwa umeshapita. Lakini vitenge alivyokuwa akiuza Waridi vilikuwa havijaisha. Alisema wangoje kidogo. Uthmani, dereva wa hiyo pickup na mtu asiyejua kumbishia dada yake, akangoja.

Tuseme ukweli juu ya huyu Waridi. Kule kwao Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, alijulikana kuwa ameizunguka nchi nzima. Ukikaa naye barazani alikueleza baridi ya Ngozi, mawese ya Rumonge, na jinsi watu wa Gitega wanavyosalimiana mpaka chai inapoa. Waswahili wanasema tembea uone. Kutembea alitembea, kuona ndiko hakukuona. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia nyumba ya mtu wa mlimani, wala kupokea hata maji mkononi mwake. Alisafiri na chupa yake ya chai na chapati zake, kwa kuogopa sumu. Alisema watu wa mlimani wanaua kwa kinywaji, na wenzake ambao hata Bugarama hawakuijua walitikisa vichwa wakamwamini.

Watu wa mlimani wenyewe wanaijua hofu hiyo. Ndiyo maana anayekukaribisha kinywaji hupiga funda kwanza mbele yako, kisha anakupa. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba.

Taa za Bujumbura zilikuwa zimeanza kuonekana kule chini. Waridi alikuwa anaitafuta Buyenzi kwa macho, baada ya Ngagara, pale...

Risasi.

Moja. Kisha nyingi.

Gari liliingia mtaroni. Uthmani alikuwa ameshika paja kwa mikono yote miwili, na damu ilipita kati ya vidole. Waridi alifunga kitenge juu ya jeraha, akamshika kwapani, wakaingia migombani. Nyuma yao walisikia watu wakipakua mzigo bila haraka. Chupa ya chai ilibaki huko huko.

Walitembea mpaka Uthmani akashindwa. Giza lilikuwa limeingia. Ndipo Waridi aliposikia harufu ya moshi... na nyuma ya moshi, harufu ya maziwa.

Palikuwa na nyumba. Mlangoni alisimama mama mzee, amejifunga kitambaa shingoni mpaka kidevuni, kama mtu mwenye baridi. Hakuuliza wao ni nani wala wa upande gani, na mwaka ule hilo lilikuwa swali la kwanza la kila mtu.

"Amahoro," alinong'ona, akiwasalimu kwa amani. "Muingie. Hapa bauaji habarudi tena."

Ndani hapakuwa na moto, ingawa harufu ya moshi ilikuwa nzito. Mzee alitandika mkeka, wakamlaza Uthmani. Midomo yake ilikuwa imekauka. Aliomba maji, kisha akaomba tena, na sauti ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Waridi alielewa. Kule kwao mtoto anafundishwa mapema kwamba mtu aliye katika hali hiyo haachwi na kiu. Kufa kila mtu atakufa. Lakini ole wa ndugu anayekaa kando ya mgonjwa akamwacha aende na koo kavu.

Mzee alirudi na kibuyu. Alipiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili.

Hakuonja.

Waridi alingoja. Mzee naye alingoja, kibuyu kikiwa katikati yao.

"Onja we kwanza," Waridi akasema.

"Munyweshe, mwana wangu. Iko na kiu."

"Onja."

"Usinilazimishe." Mzee aliinamisha uso. "Nakuomba."

Hapo Waridi akawa na hakika. Sumu! Alimwambia mzee kwa ukali kwamba akionja watakunywa, na asipoonja akiondoe kibuyu chake. Alisema hivyo katika nyumba ya mwenyewe, juu ya mkeka wa mwenyewe.

Mzee akakiinua kibuyu. Waridi alisikia funda likishuka.

Kisha akasikia tone.

Tap.

Tap... tap...

Kitambaa cha shingoni kilikuwa kinalowa. Maziwa yalipenya chini ya kidevu, yakatiririka kifuani, yakaanguka kwenye udongo. Yote. Mzee alijifunika shingo upesi kwa kiganja, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

"Umenipatisha haya," akanong'ona, "mu nyumba yangu."

Aliweka kibuyu karibu na kichwa cha Uthmani, akatoka bila kutoa sauti ya mguu.

Waridi alikisukuma kile kibuyu mpaka ukutani. Uthmani alinyoosha mkono akitafuta. Waridi akaushika mkono ule, akaurudisha kifuani kwake. "Apana," alimwambia. "Apana, Uthmani, vumilia." Aliusoma kila mstari wa dua aliokuwa anaujua. Mahali fulani kati ya dua na dua usingizi ulimwiba, na alipofumbua macho kumekucha, na mdogo wake amepoa.

Nyumba haikuwa na paa. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moto wa zamani, na majani yameota penye mkeka.

Mtu wa jirani aitwaye Gélase ndiye aliyewasaidia askari wa msafara wa asubuhi kumbeba marehemu mpaka barabarani. Waridi alimuuliza nyumba ile ni ya nani. Ya Daphrose, alijibu. Mwaka wa tisini na tatu walikuja wageni jioni, akawakaribisha, akapiga magoti kuwapa maziwa, na wao wakamkata shingo kabla hajaonja.

Maiti ilifika Buyenzi kabla ya adhuhuri. Mzee Atumani wa msikitini alimwosha. Alipomaliza alitoka uani na mikono bado imelowa, akamtazama Mama Raihana, mzazi wa Waridi na Uthmani.

"Nani alimunywesha mutoto maziwa?" aliuliza. "Tulimukamua tumbo pole pole, ikatoka mu kinywa. Nyeupe. Tena ya moto, sawa ile imetoka kukamuliwa sasa."

Mama Raihana aligeuka. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliondoka na kiu, na Waridi alikuwa akijificha nyuma ya kilio.

"Ni we, mwana wangu?"

Waridi alisema ndiyo.

Mama aliibusu ile mikono iliyokinyima kinywa kile maziwa, akaiweka juu ya kichwa chake, akamwombea baraka mbele ya wanawake wote. Waridi alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Buyenzi imezoea waongo.

Jioni ya siku ya tatu ya msiba ua ulijaa. Mama Raihana aliisimulia tena ile habari ya maziwa, kila mara ikiwa ndefu zaidi, na wanawake wakamsifu Waridi aliyeijua nchi mpaka milima ikamfungulia milango. Yeye alikuwa akigawa vikombe. Akafika karibu na mlango, na harufu ya moshi ikampiga puani.

Kwenye ukingo wa mkeka alikaa mama mzee mgeni, macho chini, kitambaa kimefungwa mpaka kidevuni.

Hakumshtaki mtu. Aliinua macho mara moja tu, akamtazama Waridi, na katika yale macho mlikuwa na aibu, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Mama Raihana alimwona mgeni hana kikombe. Alimjazia chai ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe, akapiga funda moja kwa heshima, akamwekea kiganjani.

"Kunywa, mama. Usipate haya, hapa ni kwako."

Mzee alipeleka mkono shingoni. Alimtazama Waridi tena, akimwomba. Neno moja lilitosha: mwache, mama, hana kiu. Lakini atakayesema hivyo ataulizwa amemjulia wapi.

Watu walikuwa wakitazama. Waridi akainamisha macho, akamwacha anywe.