Watu wa Behewa la Mwisho

"Hakuna mtu hujiposea mwenyewe, Jaha! Hakuna!"

Chelagat aliongea kwa sauti hadi watu waliokuwa wakingoja treni ya mjini pale stesheni ya College Park, Marekani, wakageuza vichwa. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwatunza, sare ingali mwilini, usingizi umemjaa machoni. Na mwanamume anayempenda kufa alikuwa amesimama mbele yake na boksi lake la vifaa vya ufundi wa lifti, anatabasamu tu.

"Mpenzi wangu, nitakuja peke yangu. Nitavaa suti. Nitasema Kiswahili sanifu. Mjomba wako atanipenda."

"Anko Leonard hababaishwi na suti! Koito ni siku ya watu, si ya mtu mmoja. Mwanamume anakuja na ukoo wake kuomba msichana, wanaulizwa maswali, wanajibu. Wewe mwenyewe hata mdomo hufungui!"

"Ukoo wangu unaujua, Chelagat."

Aliujua vizuri. Haukuwepo. Mama yake Jaha alifariki yeye akiwa mdogo, baba hakuwahi kumwona, akazungushwa nyumba za walezi humo humo Marekani mpaka akawa mtu mzima. Hata hicho Kiswahili alichojivunia alikiokota ndani ya treni, kwa mzee Mtangulizi, mwalimu Mmarekani mweusi aliyeketi naye kila asubuhi.

Chelagat akamshika mkono.

"Kuna kitu sijakuambia. Anko aliniuliza watu wako ni kina nani. Nikamwambia uko na wajomba na mashangazi wengi. Nikasema Jumamosi wanakuja wote."

Jaha akalitua boksi chini polepole.

"Ulimdanganya."

"Nilipanic! Ningemwambia nini? Ati huna mtu?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyo hivyo. Unanionea haya?"

Jamani, swali kama hilo linajibiwa papo hapo! Lakini Chelagat, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, siku hiyo alikawia. Alikawia kidogo tu, na Jaha akaona. Treni ikaingia, akaokota boksi lake na kupanda bila kuaga.

Siku nzima Chelagat alituma meseji.

"Babe nisamehe. Nilikosea."

"Jaha, hata kama umekasirika sema tu kitu."

Zote zilisomwa. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Ijumaa akapiga simu.

"Kesho unakuja ama hukuji?"

"Nilisema nitakuja."

"Na nani?"

Simu ikakatwa.

Akajipa moyo, akampigia anko wake ili aseme ukweli kabla mambo hayajaharibika. Anko Leonard hakumpa nafasi.

"Chela! Nimekodi viti! Ukoo mkubwa namna hiyo siwezi kuuketisha kwenye kapeti. Anti yako amepika tangu asubuhi. Ulikuwa unasema?"

"Nothing, anko. Nilikuwa nakusalimia."

Ukweli akaumeza tena, na usingizi ukamkimbia.

Jumamosi asubuhi sebule ya Anko Leonard kule Fairfax ilijaa Wakenya waliopiga suti na vitambaa vya kichwa. Mama yake Chelagat alikuwa hewani kwa video kutoka Kapsabet, Kenya, simu imeegemezwa kwenye televisheni ili aone kila mtu. Anko Leonard alikaa kitini kama hakimu. Katika koito zote za Wakalenjin wa Virginia, yeye ndiye mshika sheria, na faini zake zilijulikana hadi Maryland. Ukichelewa, faini. Ukijibu vibaya, faini.

Kengele ikalia.

Jaha aliingia wa kwanza. Nyuma yake akaja mzee Mtangulizi na mkongojo wake. Akafuata Bi Mwatumu, mama wa Kimombasa anayefanya kazi jikoni hospitalini, amebeba kapu la mahamri. Kisha Obi, Mnaijeria aliyevaa joho lililoziba mlango mzima. Na wengine nyuma yao, mpaka viti vya kukodi vikajaa.

Chelagat akawatazama mmoja mmoja. Watu hawa aliwajua! Ni abiria wa pale stesheni, wale wanaosimama mwisho wa jukwaa kila asubuhi. Akawaza, basi Jaha amewaleta waje wadanganye ili kuufunika uongo wangu. Anko atauliza swali moja tu na wote tutaumbuka.

Anko Leonard akasimama.

"Karibuni. Kwetu hatuanzi na chai, tunaanza na maswali. Nyinyi ni ukoo gani, na mnyama wa ukoo wenu ni yupi? Kila ukoo una mnyama wake, na hatutaki kuozesha mtu na ndugu yake."

Mzee Mtangulizi akasimama taratibu.

"Ndugu zetu, hatuna ukoo mmoja wala mnyama. Tuna treni."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Treni?" Anko Leonard akauliza.

"Treni ya asubuhi, behewa la mwisho. Kijana huyu hana ndugu wa damu hata mmoja, na alikataa katakata tuingie nyumbani mwenu kwa uongo. Ametuomba tuje tulivyo."

Anko Leonard akamgeukia Chelagat. Uso umebadilika.

"Wewe uliniambia nini?"

"Nilikudanganya, anko."

"Mbele ya watu wote hawa? Na viti nimekodi?" Akapumua kwa nguvu, akamtazama Jaha. "Kijana, sina ubaya na wewe. Lakini ukoo si mapambo. Siku ukimkosea huyu msichana, nimwendee nani? Nani atakukanya? Treni?"

Bi Mwatumu hakungoja kuruhusiwa.

"Utuendee sisi, baba! Mwaka jana alipopasuliwa goti alilala kwangu. Mimi ndiye niliyempikia uji, mimi ndiye niliyemgombeza alipokataa dawa. Asipoonekana asubuhi, hatupandi mpaka tumempigia simu. Haya, na wewe nikuulize. Jumatatu usipoonekana kazini, huko nani atakutafuta?"

Anko Leonard akajishughulisha kunyoosha kiti cha kukodi.

"Jibu basi, mzee," mkewe Audrey akamwambia kutoka mlango wa jikoni.

Obi naye akainuka na Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Yeye akipiga huyu dada, mimi napiga yeye. Kabisa!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hata Anko Leonard alijaribu kujizuia akashindwa. Alipotulia akainua mkono.

"Sawa. Wameongea ukweli na nimewasikia. Lakini sheria ni sheria. Kwenye koito anayedanganya analipa faini, na leo aliyedanganya ni wetu. Wageni, semeni faini yenu."

Mzee Mtangulizi akamwangalia Jaha.

"Aliyeumia ni huyu. Aitaje yeye."

Jaha alikuwa hajatamka neno tangu aingie. Akasimama, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Amwambie mama yake mimi ni nani. Bila kuficha kitu."

Chelagat akaivuka sebule hadi kwenye televisheni, akaishika ile simu kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa imara, ile sauti yake tunayoijua.

"Mama, huyu ni Jaha. Hana mama, hana baba, amelelewa nyumba za watu. Nilimwonea haya, nikadanganya, na hilo kosa ni langu. Ni mtu mzuri kuliko mimi. Nampenda, mama, na sitaki mwingine. Mkimkataa sitawatukana, lakini Jumatatu asubuhi nitakuwa pale stesheni, nimesimama na watu wake."

Mama alikuwa ametulia tuli kwenye kioo, hata wengine wakadhani mtandao umekwama. Anko Leonard akasogea aitazame simu.

"Dada? Unatusikia?"

"Nawasikia. Leonard!"

"Naam."

"Hao wakwe zangu umewapa chai, ama umewaketisha tu hivyo ukiwauliza habari za wanyama?"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Bi Mwatumu, kabla hata wenyeji hawajaelewa. Anti Audrey akaikimbilia birika, Anko Leonard akimfuata nyuma na vikombe. Na Chelagat alimwangukia Jaha kifuani mbele ya wazee wote, simu ingali mkononi, mama yake akilalamika kutoka Kapsabet kwamba haoni kitu isipokuwa tai ya mkwe wake.