Utani Una Wenyewe

Pravind ni dereva wa lori la miwa. Msimu wa kuvuna ukianza, nyumbani kwake Bulileka, huku Fiji, humwoni. Muwa ukishakatwa haumngoji mtu. Kadiri unavyokaa juani ndivyo utamu unavyopungua, na kiwanda cha sukari cha Labasa kinanunua utamu, hakinunui fimbo.

Zamani madereva walipanga foleni barabarani kutwa nzima. Walikula humo, walisinzia humo, waligombana humo. Mkewe, Yogeshni, ni mwalimu wa hesabu. Alichoka kumpelekea mumewe roti barabarani. Likizo moja akaketi na kompyuta yake, akaandika programu ya simu. Dereva akitoka shambani na mzigo, anabonyeza mara moja. Programu inampa nafasi kwenye foleni, naye anakwenda nyumbani kungoja. Zamu yake ikikaribia, simu inalia. Yogeshni aliiita Bari. Kwa lugha yao, bari ni zamu.

Hakuiuza. Aliiweka kwenye mtandao iwe programu huria. Maana yake, mtu yeyote ana ruhusa ya kuichukua bure, kuitumia, kuifungua ndani aone ilivyoandikwa, na kuirekebisha. Akipata rekebisho zuri, hulileta ili wote wafaidike.

Bari ikasafiri kuliko mwenyewe. Watu wa gati moja huko Tonga waliichukua kwa foleni ya boti. Zahanati moja ya Auki, visiwa vya Solomon, iliichukua kwa foleni ya wagonjwa. Watu ambao Yogeshni hajawahi kuwaona wakaanza kuleta marekebisho. Kazi ikamzidi. Akamwomba shemeji yake, Rajnil, amsaidie kuyapokea na kuyakagua.

Rajnil ni mdogo wake Pravind. Anatengeneza simu mjini, na kompyuta anaijua kwelikweli. Lakini ulimi wake una pilipili. Dereva akipita na lori bovu, Rajnil humpigia kelele, "Kaka, hilo lori linakohoa! Lipeleke hospitali, au wewe ndiye unayevuta sigara kupitia ekzosi?" Madereva hucheka, nao humrudishia. Ndivyo tulivyo huku kwetu.

Sasa akapeleka ulimi ule kwenye mtandao. Kijana mmoja alileta rekebisho lenye kosa. Rajnil akamwandikia mbele ya wote, "Hii uliiandika kwa vidole au kwa kisigino?" Wachache walicheka. Kijana hakuonekana tena.

Kabla ya msimu, karani wa ile zahanati ya Auki alileta kazi yake. Jina lake Nesta. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa mno. Alikuwa amerekebisha jambo moja, amebadilisha rangi, amebadilisha majina ya vitu, yote katika furushi moja bila maelezo. Rajnil akaandika, "Dada, rudi kwenye sindano zako. Kompyuta haitibiwi kwa huruma."

Yogeshni aliyasoma maneno hayo. Hayakumpendeza. Lakini alisema moyoni, huyo ndiye Rajnil wetu, watamzoea. Akanyamaza.

Hawakumzoea. Marekebisho yakapungua, yakawa ya kuokoteza, kisha yakakoma.

"Wamekimbia wasioweza," Rajnil alisema. "Waliobaki ndio wenyewe."

"Waliobaki ni mimi na wewe, shemeji," Yogeshni alijibu.

Katikati ya msimu mvua kubwa ikapiga, na mtandao ukakatika asubuhi. Uliporudi mchana, Bari ikapanga foleni upya, lakini ikaipanga kinyume. Waliokuwa mbele wakawa nyuma. Pravind alikuwa amebakiza malori machache tu afike kwenye lango la kiwanda. Simu yake ikamwambia akasimame nyuma ya watu waliotoka mashamba ya Seaqaqa muda uleule.

Malori yakaziba barabara. Honi zikalia. Madereva wakashuka.

"Pravind! Mwambie mwalimu wako hesabu zake zimelewa kava!"

"Wewe umepangwa mbele na mkeo miaka yote, leo imekugeukia!"

"Nani kapangwa mbele?" Pravind alifoka. "Mimi niko nyuma yako, huoni?"

Mmoja akamkamata shati. Wenzake wakawaamua. Mwenyekiti wa chama cha madereva akapanda juu ya bampa, akatangaza kwamba Bari imesimamishwa. Kila mtu arudi kukaa barabarani kama zamani.

Miwa ya Pravind ilipofika kwenye mizani, ilikuwa imeanza kuchacha. Alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua buti.

"Mama Kritika," alimwambia mkewe, "leo nimeaibishwa na kitu kilichozaliwa humu ndani."

Yogeshni alifungua kompyuta akaanza kulitafuta kosa. Alipekua kazi za zamani, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye furushi la Nesta. Alilifungua. Akasoma polepole. Katikati ya zile rangi na majina kulikuwa na mistari michache. Kazi ya mistari hiyo ilikuwa moja: mtandao ukikatika na kurudi, kila mtu abaki na nafasi yake.

Alimwita Rajnil. Rajnil akasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Sikuifungua," alisema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa kubwa, shemeji. Kachanganya kila kitu, hajaeleza kitu. Nilijua ni takataka."

"Ulijuaje bila kufungua?"

Rajnil akakuna kichwa.

Wakati huo jirani yao Vilimaina aliingia kurudisha sufuria. Vilimaina anafanya kazi katika maktaba ya mjini. Kwa miaka mingi amekuwa akitafsiri programu huria moja kubwa kwa Kifiji, pamoja na watu wa nchi nyingi. Aliwatazama.

"Mbona mmepoa hivi? Mmefiwa?"

Wakamweleza. Akaomba asome alichoandikiwa Nesta. Akasoma, akarudia, akaweka sufuria mezani.

"Rajnil, wewe ukiniambia nimenenepa kama tangi la maji, mimi nacheka. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli, Dada Vili."

"Mjinga wewe! Nacheka kwa sababu nakuona usoni, na najua juzi ulinibebea mtungi wa gesi. Nesta alikuona wapi? Aliona maandishi tu. Maandishi hayana macho ya kukonyeza. Utani una wenyewe, mdogo wangu. Kwa asiye mwenyewe, ni tusi."

"Sisi wa Labasa ndivyo tulivyo. Asiyeweza utani akae kwao."

"Ndivyo alivyofanya. Akakaa kwao, na dawa aliyowaletea ikachacha mlangoni kwenu, pamoja na miwa ya kaka yako."

Rajnil akainama. Yogeshni akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je? Sikumtukana."

"Wewe ndiye mwenye mlango, mwalimu. Mgeni akitukanwa mlangoni na mwenyeji yuko kimya, mgeni anajua tusi ni la nyumba nzima."

Pravind akaingilia kati. "Lakini huyo dada naye, si alileta mzigo uliofungwa vibaya? Mimi nikipeleka miwa imechanganyika na majani, kiwanda kinairudisha."

"Kweli," alisema Vilimaina. "Lakini kiwanda kimeandika pale langoni jinsi ya kuleta miwa. Nyinyi mmeandika wapi jinsi ya kuleta kazi?"

Hawakuwa wameandika popote.

"Basi mnampima mtu kwa kipimo mlichokificha mfukoni. Kazi ya watu wengi wasiojuana inahitaji maandishi ya aina mbili. Kwanza, mwongozo wa kuchangia, yaani kazi inaletwaje. Pili, kanuni za mwenendo, yaani tunaishije humu. Viwekwe mahali ambapo mgeni anaviona kabla hajabisha hodi. Hata huko ninakotafsiri tunavyo, na tulivipata baada ya kuumizana."

Wakavuta viti. Mwongozo haukuwachosha. Waliandika kwamba kazi iletwe ndogondogo, kila rekebisho na jambo lake. Mleta kazi aeleze tatizo ni nini, amelirekebisha vipi, na amelijaribuje. Kama wazo ni kubwa, aulize kwanza, asije akajichosha bure. Asiyejua kuandika programu naye anakaribishwa, kwa kuwa kuripoti kosa ni kazi, na kutafsiri ni kazi. Pravind akadai liongezwe moja. "Mtu akileta kazi, ajibiwe. Hata kama jibu ni hapana. Kusimama langoni bila kuambiwa kitu, mimi nakujua kulivyo." Wakaliandika.

Kanuni za mwenendo ndizo zilizoleta ubishi.

"Kwa hiyo kazi mbovu nisiseme ni mbovu?" Rajnil aliuliza. "Tuwe tunapakana asali?"

"Sema," Vilimaina alijibu. "Kazi ikiwa na kosa, usipolisema unawaumiza watakaoitumia. Lakini iseme kazi, usimseme mtu. Onyesha kosa liko mstari gani, na afanye nini. Kabila lake, dini yake, umri wake, kwamba ni mwanamke, kwamba Kiingereza chake kimevunjika, hayo hayahusiani na kosa."

"Na mtu akivunja kanuni?" Yogeshni aliuliza.

"Hapo ndipo wengi wanapolala. Kanuni bila msimamizi ni pambo la ukuta. Andikeni malalamiko yapelekwe kwa nani."

"Yaje kwangu."

"Na akikosa shemeji yako? Na ukikosa wewe?"

Wakakubaliana malalamiko yapokelewe na watu wawili, Yogeshni na Vilimaina, ambaye si wa familia. Anayelalamikiwa hatakuwa mwamuzi. Jina la mlalamikaji litafichwa. Kosa dogo, mkosaji ataambiwa faraghani. Akirudia, atasimamishwa kwa muda. Akizidi, atatolewa, hata awe fundi kuliko wote.

Ikabaki samahani. Rajnil aliandika haraka, akasoma kwa sauti: "Dada Nesta, kama maneno yangu yalikuumiza, samahani."

"Hiyo 'kama' itoe," alisema Vilimaina.

"Neno dogo tu hilo."

"Ndilo linaloikimbiza samahani yako. Linasema huenda hakuna kilichotokea."

Rajnil akafuta yote, akaanza upya. "Dada Nesta, nilikutukana bila hata kufungua kazi yako. Kazi yako ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Samahani." Aliyaweka palepale alipomtukania, wote wayaone. Chini yake Yogeshni akaongeza, "Nami niliona nikanyamaza. Samahani."

Nesta hakujibu upesi. Rajnil alikuwa akiangalia simu kila mara, mpaka Pravind akamuuliza kama amepata mchumba. Jibu lilipokuja, hawakucheka.

"Nimesoma," Nesta aliandika. "Siku ile niliwaita wenzangu wa zahanati waje waone kazi yangu ikipokelewa. Tukasoma wote pamoja. Mganga mkuu akasema, kama wenyewe wanatukana, tuiache programu yao. Tukaiacha. Nimesamehe. Kurudi, sijui. Lile rekebisho lichukueni, liwasaidie watu. Ila jina langu liwekeni."

Rajnil mwenyewe ndiye aliyelifungua furushi lile. Akalitenga vipande vidogo, kila kipande na maelezo yake, na kwenye kila kipande akaandika jina la Nesta. Alijaribu na simu ya Pravind, akizima mtandao na kuuwasha, mpaka kaka yake akalalamika kwamba anammalizia chaji.

Watu wakaanza kurudi kidogokidogo. Kisha kanuni zikajaribiwa. Fundi mmoja wa Auckland, New Zealand, hodari sana, alikuwa akileta marekebisho mazuri kuliko yeyote. Siku moja akamwita mwanafunzi mmoja wa Vava'u, huko Tonga, mpumbavu. Akaambiwa faraghani. Akarudia. Yogeshni na Vilimaina wakamsimamisha, naye akaondoka kwa hasira asirudi. Kazi zilichelewa. Rajnil alilazimika kujifunza mambo ambayo yule bwana aliyafanya kwa dakika chache. Lakini mwanafunzi wa Vava'u alibaki, akawaleta wenzake wawili.

Msimu uliofuata, mwenyekiti wa madereva alikubali kuijaribu Bari tena. "Mara moja tu," alisema, "na ikitugeuka, mwalimu atakuja kuongoza magari yeye mwenyewe, na filimbi."

Mtandao ulikatika siku ya joto kali, barabara ikiwa imejaa malori. Madereva walitoa vichwa madirishani wakatazamana. Ulipoanza kurudi, simu zikalia moja baada ya nyingine. Kila mtu alikuwa na nafasi yake ileile. Yule aliyemkamata Pravind shati alitazama simu yake, akamtazama Pravind, akampungia mkono apite.

Rajnil alimwandikia Nesta siku hiyohiyo. Hakuweka utani wowote. "Dada, leo mtandao ulikatika Labasa. Hakuna dereva aliyepoteza nafasi yake. Asante."

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini.

"Nasi tumerudi kwenye Bari. Wiki hii mtandao ulikatika hapa Auki, mama mmoja akiwa na uchungu. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Uliporudi, alikuwa bado wa kwanza."