Maji ya Kijani Nyumbani kwa Mwamvua

Kila asubuhi Mwamvua aliwasha mkaa, akabandika chai, kisha akaenda kuwatazama samaki wake.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Ng'ambo. Mumewe, Shamsi, alikuwa fundi wa vioo mjini. Shamsi alikuwa na wake wawili. Mwamvua alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo, Wanu, alikaa Kiembe Samaki. Shamsi hakupenda ugomvi. Alichompa mmoja, alimpa na mwenzake. Kwa hiyo alipounda sanduku la kioo la kufugia samaki, aliunda mawili sawasawa. Yote aliyatia mchanga, majani ya mtoni na visamaki vyekundu.

Haukupita muda, maji ya Mwamvua yakawa kijani kama mchicha uliopondwa. Kioo kilishika koga, ule utando wa kijani unaoteleza. Asubuhi samaki walipanda juu wakitweta.

"Maji ya Wanu yanang'aa," Shamsi alisema siku moja, akinywa chai. "Hata chembe za mchanga unaziona."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mwamvua alichomwa moyoni. Tangu hapo, kila zamu ya Wanu ilipofika, alimwona Shamsi akilini mwake, amekaa mbele ya lile sanduku, na yule pembeni yake.

Akajitahidi. Aliwaongezea samaki mkate. Alilisogeza sanduku dirishani lipate jua. Alimwaga maji yote, akatia mengine. Ukijani ukarudi, tena mzito zaidi.

"Yule ana dawa yake," alijisemea.

Basi siku moja alichota yale maji ya kijani, akayatia kwenye chupa. Akajitanda buibui, akaenda Kiembe Samaki.

"Shikamoo, dada. Karibu ndani," alisema Wanu.

"Marahaba."

Wanu alikwenda jikoni kupika kahawa. Mwamvua akaimimina chupa yote ndani ya sanduku la mwenzake. Kahawa ilipokuja, aliinywa bila kujua ladha yake.

Akangoja asikie habari. Shamsi hakusema neno. Mwisho Mwamvua alishindwa kuvumilia, akarudi mwenyewe. Maji ya Wanu yalikuwa maangavu vilevile.

"Unatia dawa gani?" aliuliza, hata hajakaa.

"Sina dawa, dada," alisema Wanu. "Na chupa yako haikufanya kitu."

Mwamvua aliinamisha uso. "Uliniona?"

"Nilikuona, kutoka jikoni."

"Mbona hukumwambia Shamsi?"

"Nimwambie ili iwe nini? Na mimi nna wivu, dada. Siku zako wewe huwa ndefu kwangu. Njoo, nikuonyeshe."

Walisimama mbele ya kioo.

"Marehemu baba alikuwa akitunza mabirika ya samaki kwenye bustani ya tajiri mmoja. Yeye ndiye aliyenifunza," alisema Wanu. "Koga hupenda jua na uchafu. Sanduku lako umeliweka wapi?"

"Dirishani."

"Liondoe. Majani yanataka mwanga, lakini si jua kali la kutwa. Samaki unawapa nini?"

"Mkate. Asubuhi, mchana na jioni."

"Unaobaki unaoza, na ndio unaoilisha koga. Wape kidogo, kile wanachokimaliza papo hapo. Na usimwage maji yote. Samaki wanashtuka, majani yanadhoofika, halafu koga inapata nafasi. Toa robo kila wiki, utie maji safi."

Juu ya sanduku lilining'inia kopo la maji.

"Na lile la nini?"

"Nimelitoboa kwa sindano. Maji yanadondoka taratibu, yanayatikisa ya ndani. Yanayozidi yanatoka kwa mpira huu, yanaingia kwenye ndoo. Hayo namwagilia maua. Maji yakisimama tuli, samaki hukosa pumzi na uchafu hukaa pahala pamoja. Lakini yasiingie kwa nguvu, yatang'oa majani."

"Majani yenyewe yana kazi gani?"

"Yakistawi, hula kile ambacho koga ingekila. Yaliyooza yakate, uyatoe."

Wanu alikata majani mabichi, akayafunga katika kitambaa kibichi, akampa. Mwamvua aliyapokea. Wivu ulikuwa ungali kifuani, ila sasa ulichanganyika na haya.

Nyumbani alifanya yote. Alilihamisha sanduku, akatundika kopo, akapanda majani. Kioo alikisugua kwa kumbi la nazi, bila sabuni. Mwanzoni hakuona tofauti, karibu akate tamaa. Kisha, polepole, mchanga ukaanza kuonekana. Samaki wakaacha kutweta.

Zamu yake ilipofika, Shamsi alivuta kigoda, akakaa mbele ya sanduku. Alikaa hapo mpaka kahawa ikaletwa.

"Majani yako yamestawi," alisema. "Yamepita ya Wanu."

Mwamvua alikuwa amelitamani neno hilo kwa muda mrefu. Alimmiminia kahawa kwanza.

"Usiende kumwambia hivyo," alisema. "Mbegu ni yake, kanipa mwenyewe."

Kisha akaenda jikoni, na huko, peke yake, akatabasamu.