Damu ya Watoto Kumi na Mmoja

Kufuli halikuvunjwa. Friza ilikuwa imefungwa vizuri, ila droo ya tatu ilikuwa tupu kama kinywa cha kibogoyo. Vichupa vyote vya damu vilikuwa vimetoweka.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi ya Jumatatu. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo alikuwa mtu wa kupika chakula cha mmoja na kukila amesimama. Alimkuta mtafiti, binti mwembamba mwenye koti jeupe, ameketi sakafuni.

"Damu ya nani hiyo, mwanangu?"

"Ya watoto wenye ugonjwa adimu, afande. Miili yao haiwezi kuvunjavunja protini. Hata maziwa ya mama huwageukia sumu. Miaka minne nimepata watoto kumi na mmoja tu. Wanne wameshakufa. Damu yao nitaitoa wapi tena? Lazima ipatikane leo hii."

"Sasa haraka ya nini?"

"Kesho wakaguzi wa ruzuku wanakuja kuziona sampuli. Ruzuku ni ya watafiti wachanga, na mwakani nitakuwa nimevuka umri wao. Wakikosa kuziona, kazi imekufa. Hakuna mwingine anayeishughulikia."

Wenye funguo walikuwa watatu: mtafiti mwenyewe, mlinzi, na fundi wa maabara, mzee waliyemwita Babu Baridi kwa kuwa alikuwa amezitunza friza za hapo miaka thelathini.

Mlinzi alihojiwa kwanza.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Ulilala?"

"Kwa kiti kile, afande? Hata kuku hawezi kuatamia pale."

"Nani aliingia?"

"Hakuna mtu. Babu Baridi tu, huja kila Jumapili kupima friza. Lakini huyo naye mtu wa kuhesabu? Huyo ni kama ukuta."

Inspekta aliyaandika maneno hayo, akaanza kuzunguka vyumba. Kila friza ilibandikwa mlangoni karatasi ya kuandikia nyuzi za baridi. Katika stoo ya mwisho kulikuwa na friza kuukuu, iliyoachwa kutumika mwaka uliopita. Ilikuwa ikinguruma. Karatasi yake ilikuwa nyeupe mwezi baada ya mwezi, isipokuwa mstari mmoja: Jumapili ya jana, saa kumi jioni, nyuzi themanini chini ya sifuri, na sahihi.

Nani hupima baridi ya friza isiyo na kitu?

Akamwita mzee.

"Friza hii ina nini?"

"Haina kitu."

"Na sahihi hii?"

Mzee aliitazama karatasi, mabega yakamshuka. "Mkono umejiandikia, afande. Miaka thelathini, ukiweka damu unaandika. Mazoea yana taabu."

"Nani kakutuma? Mshindani wa binti kwenye ruzuku?"

"Sijatumwa na mtu."

"Basi kwa nini?"

"Akipewa ruzuku anahamia chuo kikubwa, ng'ambo. Ndilo sharti lao. Nyumbani mimi nazungumza na redio. Wanangu wana maisha yao. Huyu ndiye anayeniamkia asubuhi na kungoja nimjibu. Nilitaka wakute patupu, waende zao. Kisha ningevirudisha vichupa."

Mtafiti alikuwa amesimama mlangoni.

"Babu, nilikueleza kwamba mwakani sina nafasi. Nilikueleza kuhusu wale saba waliobaki."

"Ulinieleza, mwanangu. Nilisikia. Nikajitia uziwi."

Binti alivaa glavu, akafungua friza, akavitazama vichupa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimeganda salama, vimepangwa kama alivyovipanga yeye mwenyewe. Aliviinamia hata walipotoka, bila kugeuza shingo.

Kituoni, Inspekta alijaza fomu kwa mkono wake.

"Umri?"

"Sitini na nane."

"Ndugu wa kuarifiwa kwamba uko hapa?"

Mzee aliitazama fomu. Huko nje askari walikuwa wakicheka. Inspekta hakumharakisha.

Mwishowe mzee akataja namba ya simu, tarakimu kumi, kwa kichwa, bila kusita.

"Ya mwanao?"

"Hapana, afande," akasema. "Ya yule binti wa maabara."