Talaka ya Tatu

Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, saa tisa alasiri, Jumaine aliingia chumbani kuchukua utepe wa kufungia katoni, akayakuta mashati yake yote yametolewa katika valizi yao ya nguo. Hayakutupwa. Yalikuwa yamekunjwa kwa ustadi kuliko alivyoyakunja yeye, yakapangwa sakafuni karibu na mlango wa kutokea. Nguo za mkewe, Saliha, zilibaki ndani ya valizi, hazikuguswa.

Zilisalia siku kumi na tatu wahame mtaa wa Buyenzi, kutoka nyumba ambamo Saliha aliishi tangu usichana wake, kwenda mtaa wa Mutanga Nord. Jumaine, aliyemwoa mwezi Februari mwaka huohuo, ndiye aliyeishikilia safari hiyo. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kupata usingizi wa kutosha.

Aliyarudisha mashati. Jumanne akayakuta tena mlangoni. Alhamisi vilevile, na safari hii viatu vyake vilikuwa vimewekwa juu yayo, ncha zikielekea nje. Alipoinama juu ya valizi ikamjia harufu ya miski, nzito, mbichi, kama ya mwanamume aliyetoka kuoga sasa hivi.

“Saliha,” aliita kwa sauti ya chini. “Mutu gani anaingiaka humu kama mi niko ku kazi?”

“Hakuna mutu, bwana yangu.”

“We usinichezee. Hii miski si ya kwangu. Mi ninanukaka sabuni tu.”

Saliha aliketi juu ya katoni ya vyombo, akaeleza akitazama mikono yake. Tangu mwaka 2011, alipokuwa na miaka ishirini, kila alasiri kulikuwa na mmoja asiyeonekana aliyekuja kuketi ubavuni mwake. Wachumba wawili walikwisha kukimbia. Wa pili, Fabrice, aliamka siku moja sikio la kushoto limekufa, na hata leo halisikii.

Jumaine alisikiliza huku wivu ukimpanda kuliko hofu. Angalikuwa ni jirani, angalimfuata akamshika shati.

“Anakupendaka?”

“Sana.”

“Na weye?”

Saliha akaanza kukunja pazia.

Jumamosi, tarehe 28 Juni, kamyo ya kubebea mizigo ilifika saa sita mchana. Dereva, Gaël, alichungulia ndani, akaona mashati yamepangwa tena mlangoni.

“Muzee, unahama ao unafukuzwa?”

Bibi Raihana, mganga wa majini wa mtaa ule, aliyeitwa na Jumaine, alikuwa amekwisha kufukiza ubani kati ya katoni.

“Huyu anajihesabu ni bwana yako,” alimwambia Saliha. “Ku watu, mwanaume ndiye anaachaka. Ku hawa, anayependwa ndiye anaacha. Sema mara tatu, na kinywa yako mwenyewe: nimekuacha. Kisha utoke.”

“Nimekuacha,” akasema Saliha, na utepe wa katoni iliyo karibu naye ukachanika wenyewe.

“Nimekuacha,” akasema tena, na harufu ya miski ikauzidi ubani, ikajaa chumba hata Gaël akarudi nyuma akikohoa, na ikasikika pumzi ya mtu anayejizuia kulia, ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, ikimkaribia Saliha, na mkono wa Saliha ukainuka polepole, vidole vikiwa vimejikunja kama vimeshikwa, na midomo yake ikafunguka, na badala ya neno yakatoka machozi, naye Jumaine, aliyekuwa akiuangalia mkono ule na kukumbuka kwamba yeye hakuwahi kuliliwa hivyo, akashindwa kuvumilia.

“Nimekuacha! Amekuacha! Toka!” alipiga kelele, akamvuta mkewe nje mpaka ndani ya kamyo.

Bibi Raihana aliwafuata, akashika dirisha.

“Umeharibu, mwanangu. Mbili zimetoka kwa muke. Ya tatu imetoka kwako, haihesabiki. Na talaka mbili ziko na marejeo. Eda ni myezi tatu. Saliha akisema ya tatu mbele ya eda kuisha, ni mwisho. Asiposema, yule iko na haki ya kumurejea siku yoyote ya eda.”

Tarehe 28 Septemba, basi. Jumaine hakuhitaji kuiandika.

Mutanga Nord palikuwa na hewa safi, na Jumaine alilala usingizi wa kutosha. Julai alimsihi mkewe kwa upole. Agosti alimsihi kwa magoti. Kila siku Saliha alimjibu, “Kesho,” naye Jumaine kila Jumapili akamwona jinsi alasiri ilipofika alivyojisogeza pembeni ya kiti, akaacha nafasi.

Jumamosi, tarehe 27 Septemba, aliomba ruhusa kazini akarudi saa tisa. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia kicheko cha mkewe, kifupi, laini, ambacho katika ndoa yao yote hakuwahi kukisikia.

“Saliha, fungua. Sema ya tatu, mama. Imebaki siku moja. Nakuomba.”

Kicheko kikakatika. Hatua zake zikasogea hadi nyuma ya mlango, na sauti yake ikatoka kwa mnong'ono, yenye haya ya bibi harusi.

“Jumaine, usipige kelele. Bwana yangu amelala.”